Mada ya 9: Kundi la panya wa kuzalisha (lishe, uzazi, urithi na magonjwa ndani ya swali moja)

Ukitafuta "ufugaji wa panya" katika muhtasari wa Baiolojia hutaupata. Utapata lishe, uzazi, ukuaji, urithi, udhibiti wa joto la mwili na uainishaji wa viumbe, na kila kimoja umekisoma kwa wakati wake na pengine katika daftari lake. Shida huanza pale mtunga swali anapomchukua mnyama mmoja na kuuliza mambo hayo yote kwa pamoja. Hapo mwanafunzi anayezijua mada zote, lakini moja moja, huandika mistari mitatu na kuweka kalamu chini.

Nimemchagua panya kwa makusudi. Ni mamalia kama wewe, ila mambo yanayokuchukua wewe miaka kumi na mitano yeye huyamaliza ndani ya muhula mmoja. Shule zenye kidato cha tano na cha sita humhitaji kwa mazoezi ya upasuaji. Na mahali panapofugwa nyoka, kama Meserani karibu na Arusha, au Bio-Ken kule Watamu, Kenya, ambako sumu ya nyoka hukamuliwa kwa ajili ya kutengenezea dawa ya walioumwa, chakula ni jambo la kupangwa mapema: nyoka wengi hula wagugunaji, kwa hiyo anayefuga nyoka lazima afuge panya au awe na mtu wa kumuuzia.

Neno moja kuhusu lugha. Mtihani utaujibu kwa Kiingereza, lakini fikiri kwanza kwa lugha unayoielewa. Ukishaelewa, fungua kitabu cha kiada, tafuta istilahi, uziandike kwa penseli pembeni mwa ukurasa huu. Anayekariri istilahi kabla ya kuelewa hujulikana kwenye swali la "eleza kwa nini".

SWALI LA KUFANYIA KAZI

Shule hii ni ya kubuni, lakini mambo yaliyomo ni ya kawaida.

Shule moja chini ya uwanda wa Makonde ilianzisha kundi la panya weupe mwezi Juni kwa dume mmoja na majike watatu, katika kizimba kimoja chenye sakafu ya mita 1 kwa mita 0.5. Chakula kilikuwa pumba za mahindi na maganda ya muhogo mbichi. Maji yaliwekwa kwenye kifuniko cha ndoo mara moja kila asubuhi. Watoto wote waliozaliwa waliachwa humohumo. Mwezi Septemba wanafunzi waliongeza panya wawili waliokamatwa shambani. Katikati ya Novemba panya walikuwa 61. Mwisho wa Desemba walibaki 19, na majike kadhaa walionekana wakila watoto wao. Eleza sababu za kupungua kwa kundi hili. (Alama 15)

Funika ukurasa, andika jibu lako kwa dakika 20, kisha endelea kusoma.

Jibu ambalo huwa nalisoma mara nyingi ni hili: "Panya walikufa kwa sababu ya njaa, kiu, magonjwa na msongamano." Si kosa, lakini halitoshi. Hayo ni majina ya sababu, na swali limesema eleza. Kila hoja inahitaji vitu vitatu: sababu yenyewe, jinsi inavyofanya kazi ndani ya mwili wa panya, na ushahidi uliouona kwenye swali. Mada hii yote inakufundisha kitu cha pili, kile cha katikati, kwa maana ndicho kinachokosekana.

MNYAMA MWENYEWE

Panya ni mgugunaji. Ana meno 16 tu: kila nusu ya taya, juu na chini, ina kato moja na magego matatu, hana chonge wala magego ya mbele. Kato zake hukua maisha yote. Asipopata kitu kigumu cha kuguguna, zinarefuka hadi anashindwa kufunga mdomo, na anakufa njaa huku chakula kiko mbele yake. Kipande cha mti mkavu ndani ya kizimba kinatosha kumsaidia. Pengo lililopo kati ya kato na magego lina jina lake katika kitabu chako, litafute.

Utumbo wake una kidole tumbo kipana kilichojaa bakteria wanaochachua nyuzinyuzi na kutengeneza baadhi ya vitamini, zikiwemo za kundi B na vitamini K. Vitamini hizo hutengenezwa mbele zaidi ya sehemu ambako zingefyonzwa vizuri, ndiyo maana panya hula baadhi ya kinyesi chake. Ukiulizwa faida ya tabia hiyo, usiandike "ni uchafu". Andika kwamba chakula hupita tena kwenye utumbo mwembamba na vitamini kufyonzwa.

Uzazi wake uweke kichwani kwa mpangilio wa siku, si kwa orodha. Jike hurudia mzunguko wake kila siku 4 hadi 5. Akipata mimba, huibeba siku 21 hadi 23. Huzaa watoto 6 hadi 12 kwa kawaida, wakiwa uchi, vipofu, na uzito wa takriban gramu 5 hadi 6. Macho hufunguka karibu na siku ya 14. Siku ya 21 huachishwa ziwa. Wakifika wiki 6 hadi 8 wanaweza kupata watoto wao wenyewe, kwa hiyo mfugaji makini hutenganisha madume na majike katika wiki ya 5. Na jambo ambalo wanafunzi hulisahau: jike anaweza kushika mimba tena ndani ya saa 24 baada ya kujifungua. Dume akibaki kizimbani, mama huyo atakuwa ananyonyesha kundi moja huku amebeba jingine. Shika jambo hilo, tutalirudia.

CHAKULA: KWA NINI PUMBA HAZIKUTOSHA

Panya mkubwa wa gramu 300 hula takriban gramu 5 kwa kila gramu 100 za uzito wake kwa siku, yaani gramu 15. Kiasi si tatizo kubwa sana katika swali letu; tatizo ni kilichomo.

Panya anayekua na mama anayenyonyesha wanahitaji chakula chenye protini kama asilimia 18 au zaidi. Pumba na maganda ya muhogo ni wanga na nyuzinyuzi kwa sehemu kubwa. Sasa fuata mnyororo: protini ikikosekana, asidi za amino hazipo, asidi za amino zisipokuwepo, mama hawezi kutengeneza protini za maziwa, na mtoto hawezi kujenga misuli, vimeng'enya wala kingamwili. Mama huanza kuvunja misuli yake mwenyewe. Maziwa yanapungua, watoto wanadhoofika, wengine wanakufa, na mama hula waliokufa, kisha wale dhaifu. Kwa macho ya binadamu ni ukatili. Kibaiolojia, mnyama aliyeishiwa anarudisha mwilini protini na maji ambayo yangepotea. Usiandike "panya ni mnyama mbaya" kwenye karatasi ya mtihani. Nimeisoma zaidi ya mara moja.

Huku kwetu protini haiko mbali. Kuna dagaa, mbaazi, kunde, karanga, soya. Kunde na soya zikaangwe au zichemshwe kwanza, kwa sababu zikiwa mbichi zina kemikali zinazozuia kimeng'enya cha tripsini kumeng'enya protini. Ukilisha soya mbichi utakuwa umetoa protini kwa mkono mmoja na kuizuia kwa mkono mwingine.

Hesabu ya kuchanganya chakula hufanywa kwa mraba wa Pearson, ambao waliosoma Kilimo wanaufahamu. Chukulia mahindi yana protini asilimia 9 na dagaa wakavu asilimia 60, nawe unataka 18. Toa kwa mshazari: 60 − 18 = 42, hizo ni sehemu za mahindi; 18 − 9 = 9, hizo ni sehemu za dagaa. Kwa hiyo kila sehemu 42 za mahindi zichanganywe na sehemu 9 za dagaa. Kilo 8.4 za mahindi zinahitaji kilo 1.8 za dagaa. Hakiki: 42 × 9 jumlisha 9 × 60 ni 918, gawanya kwa 51, unapata 18. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao huleta pia kalisi na fosforasi, ambazo mama anazimwaga kila siku kwenye maziwa. Usiongeze chumvi juu yake, dagaa wengi wa sokoni wameshatiwa.

Maganda ya muhogo mbichi ni hoja ya peke yake. Muhogo, hasa mchungu, una kemikali ambazo tishu zikivunjwa hutoa sianidi, na kwenye maganda hupatikana kwa wingi kuliko ndani. Sianidi huzuia kimeng'enya kimojawapo cha mwisho katika upumuaji wa seli ndani ya mitokondria: oksijeni ipo kwenye damu lakini seli haiwezi kuitumia. Bibi zetu wa Newala na Masasi hawakusoma habari za mitokondria, lakini wanajua muhogo mchungu lazima umenywe, uloweke au uvundikwe, ukaushwe ndipo uwe makopa. Mtahiniwa akilinganisha utaratibu huo na kazi ya sianidi mwilini, amejibu swali la Baiolojia kwa ukamilifu.

Jingine la kuangalia ni kuvu. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota kuvu wanaotoa sumukuvu, na sumu hiyo huharibu ini. Kuna desturi ya kusema "hizi zimeoza, wape mifugo". Ini la panya halina kinga ambayo lako halina.

Na korosho? Punje iliyobanguliwa haina neno, ila ni ghali mno kumpa panya. Korosho mbichi yenye ganda usiitie kizimbani kabisa, mafuta ya ganda lake huunguza ngozi na midomo. Bibo linaliwa, na lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Hapa kuna mtego wa mtihani. Panya hahitaji kupewa vitamini C, kwa sababu ini lake huitengeneza kutokana na glukosi. Simbilisi, ambaye pia ni mgugunaji na hufugwa sana Nyanda za Juu Kusini, hawezi kuitengeneza. Akikosa majani mabichi au matunda hupata kiseyeye, fizi zikatoka damu na viungo vikavimba. Binadamu yuko upande wa simbilisi. Ukiulizwa kwa nini tafiti za kiseyeye zilitumia simbilisi na si panya, jibu ndilo hilo.

MAJI

Panya anahitaji mililita 10 hadi 12 za maji kwa kila gramu 100 za uzito kwa siku. Huyo wetu wa gramu 300 anataka mililita 30 hadi 36, kama vijiko vikubwa viwili na kidogo. Ni maji machache. Hata juu ya uwanda, kule Newala ambako mchanga hunyonya mvua yote na hakuna mto unaotiririka, kiasi hicho hakimshindi mtu. Shule yetu ya mfano iko chini, kwenye chemchemi. Kwa hiyo kosa halikuwa uhaba wa maji, lilikuwa kifuniko cha ndoo.

Kifuniko kiko wazi. Panya hukikanyaga, hukipindua, hukikojolea, na mchana wa Novemba kilichobaki hukauka. Kufikia jioni, wakati panya, ambaye ni mnyama wa usiku, anaamka kula, hakuna maji. Mama anayenyonyesha anahitaji hata mara mbili ya maji ya kawaida, kwani sehemu kubwa ya maziwa ni maji. Asipoyapata, homoni inayozuia kupoteza maji huongezeka, mkojo unapungua na kukolea, na maziwa nayo yanapungua. Dawa yake ni chupa iliyopinduliwa yenye bomba jembamba la chuma. Bomba la plastiki litagugunwa usiku wa kwanza.

HESABU YA WALAJI

Hapa ndipo makundi mengi hufa, na ndipo watahiniwa wengi hupita haraka. Chukua kalamu.

Mwanzo: panya 4 × gramu 15 = gramu 60 kwa siku. Kwa siku 30 ni kilo 1.8. Mwalimu ananunua kilo 2, anaona zimebaki, anafurahi.

Kila jike azae watoto 8: watoto 24. Mimba siku 22, kunyonya siku 21, kisha wiki chache za kukua. Kabla ya miezi mitatu kutimia tangu siku ya kwanza, watoto hao nao wanakula karibu sawa na wakubwa: panya 28 × gramu 15 = gramu 420 kwa siku, kilo 12.6 kwa mwezi. Matumizi yameongezeka mara 7, na bado hatujahesabu mimba za pili zilizoshikwa ndani ya zile saa 24 baada ya kujifungua, wala mimba za majike wadogo walioachwa na kaka zao.

Kwenye nafasi, angalia tena kizimba. Eneo ni mita za mraba 0.5. Mwezi Juni msongamano ulikuwa 4 ÷ 0.5 = panya 8 kwa mita ya mraba. Novemba ulikuwa 61 ÷ 0.5 = panya 122 kwa mita ya mraba. Chora grafu ya idadi dhidi ya muda: inapanda taratibu, kisha kwa kasi, kisha haikulala kama herufi S unayoijua, bali ilianguka. Kundi lilivuka uwezo wa mazingira yake. Sababu zilizoliangusha ni zile zinazotegemea msongamano: ushindani wa chakula na maji, mapigano, mama kukosa kona ya kutulia na kiota, maradhi kuenea, na taka.

Taka iandikie sentensi kamili. Mkojo wa panya una urea. Bakteria kwenye matandiko huivunja kuwa amonia, ambayo huunguza utando wa njia ya hewa na kufungua mlango kwa vimelea vya mapafu. Ukiingia chumbani pua ikawasha, panya ambaye pua yake iko sentimita mbili kutoka sakafuni ana hali gani? Maranda makavu ya mbao zisizotiwa dawa yabadilishwe walau mara moja kwa wiki, isipokuwa kiota cha mama aliyezaa siku hizi za karibuni. Hicho usikiguse siku chache za mwanzo. Mama aliyeshtuliwa anaweza kuua watoto hata kama ameshiba.

NDUGU KWA NDUGU

Watahiniwa wengi wangeiweka hoja hii ya kwanza: "walizaana ndugu kwa ndugu ndiyo maana wakafa". Mimi ningeiweka ya mwisho, na ningeiandika kwa uangalifu. Kuzaana kwa ndugu huongeza uwezekano wa watoto kurithi nakala mbili za jeni fiche zenye madhara, na watoto dhaifu wakazaliwa. Lakini maabara za dunia zina koo za panya zilizotokana na kaka na dada kwa vizazi 20 mfululizo na zaidi, na zinaishi. Kati ya Juni na Desemba kundi letu lilipata vizazi vichache tu. Njaa na kiu huua ndani ya siku. Urithi hufanya kazi polepole. Mtahiniwa anayepima uzito wa hoja zake humvutia msahihishaji kuliko anayezimwaga tu.

Rangi yao hata hivyo inatupa mfano mzuri wa urithi. Panya weupe wa maabara, kama wale wa Wistar waliokuwa wakizalishwa Philadelphia, Marekani, kuanzia 1906 (mwaka uleule Wabenedikto walipoanza misheni ya Ndanda, kama unapenda kukumbuka kwa mlinganisho), ni weupe wenye macho mekundu kwa kukosa melanini. Hali hiyo hutokana na jeni fiche. Tuiite c, na jeni tawala ya rangi C. Panya wawili wenye rangi wamezaa watoto 12, watatu wakiwa weupe. Mweupe lazima awe cc, amechukua c moja kwa kila mzazi, hivyo wazazi wote wawili ni Cc. Uwiano wa rangi kwa weupe ni 9 kwa 3, yaani 3:1. Ukipewa panya mwenye rangi usijue kama ni CC au Cc, mpandishe na mweupe: akitokea hata mtoto mmoja mweupe, jibu ni Cc.

JOTO

Fupi tu. Panya hustawi kwenye nyuzi 20 hadi 26 za Selsiasi. Masasi kabla ya mvua joto hupita nyuzi 30. Mwili wake hautoi jasho kama wako. Hupoteza joto kupitia mkia usio na manyoya, mishipa yake ya damu ikitanuka, na hujipaka mate ili yakivukiza yampoze. Kwenye msongamano wa 122 kwa mita ya mraba, akiwa na kiu, mate yenyewe hana. Joto kali pia hupunguza ubora wa mbegu za dume.

WALE WAWILI WA SHAMBANI

Sisi wa Mtwara na Lindi panya wa shamba tunamwita "samaki nchanga", na hakuna haja ya kuona haya kwa hilo. Ni protini kama nyingine. Lakini kumla aliyeiva vizuri ni jambo moja, kumtia hai katika kundi la kuzalisha ni jambo jingine.

Mwezi Julai 2022 wilayani Ruangwa, majirani zetu, waliripotiwa wagonjwa 20 wenye homa, maumivu ya kichwa, uchovu na kutokwa damu puani, na watatu kati yao walifariki. Kwa siku kadhaa watu waliita ugonjwa wa ajabu. Wizara ya Afya ilitangaza kuwa ni leptospirosisi, yaani homa ya mgunda. Bakteria wake hukaa kwenye figo za wanyama wengi, panya wakiwemo, na hutoka kwa mkojo. Mtu huambukizwa kupitia michubuko ya ngozi au utando wa macho, pua na mdomo anapogusa maji au udongo wenye mkojo huo. Mnyama anaweza kuonekana mzima kabisa. Panya wa porini huweza pia kubeba viroboto, na viroboto wanaweza kubeba tauni, ugonjwa ulioisumbua Lushoto miaka ya 1980 na 1990.

Sasa unaona uzito wa sentensi ile ndogo ya Septemba. Wanaosafisha kizimba kile ni wanafunzi, wengine miguu mitupu, wengine na vidonda vya kukatwa na jembe. Mnyama mgeni hutengwa chumba kingine kwa wiki kadhaa. Wa porini haingii kabisa. Glavu, viatu, sabuni, na kutokula chumba cha panya viingie kwenye jibu lako chini ya kinga.

Usimchanganye pia panya mweupe na panya buku. Panya buku huwa na uzito wa kilo moja na zaidi, ana vifuko vya kubebea chakula mashavuni, huzaa watoto wachache na akifugwa anaweza kufika miaka 8, wakati mweupe huishi miaka 2 hadi 3. Hao ndio wanaozalishwa Morogoro na shirika la APOPO, lililohamia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwaka 2000, wakafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Walifanya kazi Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma tunayoitazama tukiwa Newala, nchi iliyotangazwa kumaliza mabomu yake yaliyojulikana mwaka 2015. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alipewa medali ya dhahabu ya PDSA ya Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Panya anayezaa wachache na kuishi muda mrefu hulipa gharama ya mafunzo ya miezi mingi; panya anayezaa 10 kila mwezi ndiye anayefaa kulishia nyoka. Swali la kulinganisha likija, anza hapo.

JIBU LA MFANO (sehemu)

"Chakula kilikuwa na protini kidogo. Pumba na maganda ya muhogo ni wanga na nyuzinyuzi, hivyo majike wanaonyonyesha walikosa asidi za amino za kutengeneza maziwa. Watoto walidhoofika na majike wakawala ili kurudisha virutubisho mwilini, kama swali linavyoonyesha. Dume aliachwa na majike na watoto hawakutenganishwa, hivyo mimba zilifuatana na msongamano ukapanda kutoka panya 8 hadi 122 kwa mita ya mraba, ukiongeza ushindani, amonia na maambukizi."

Tazama: sababu, utaratibu, ushahidi. Maliza mwenyewe hoja za maji, sianidi, joto na panya wa shambani.

MAZOEZI

1. Jike wa gramu 250 ananyonyesha na mahitaji yake ya maji yameongezeka mara mbili. Kokotoa maji anayohitaji kwa siku ukitumia mililita 12 kwa gramu 100.

2. Changanya mahindi (protini asilimia 9) na unga wa soya iliyokaangwa (asilimia 39) upate asilimia 19. Taja uwiano kwa lugha rahisi.

3. Nishati iliyomo katika chakula cha panya ni kilojuli 20,000. Ukichukulia asilimia 10 hupita kila hatua, chatu anayekula panya hao atahifadhi kiasi gani? Eleza zilikokwenda nyingine.

4. Jike mweupe amepandishwa na dume mwenye rangi, watoto 11 wote wana rangi. Mwanafunzi anasema dume ni CC kwa hakika. Je, ana haki ya kusema "kwa hakika"? Toa sababu.

5. Mwalimu anahitaji panya 20 wakubwa kwa mazoezi ya tarehe 1 Oktoba, wakiwa na umri wa wiki 10. Ana majike 3. Awapandishe tarehe ngapi, dume aondolewe lini, na watoto watenganishwe lini? Onyesha hesabu ya siku.

Majibu ya hesabu: (1) mililita 60. (2) Mahindi 20 kwa soya 10, yaani 2 kwa 1. (3) Kilojuli 200. (5) Watoto wazaliwe takriban 23 Julai. Wapandishwe mwanzoni mwa Julai, karibu na tarehe 1. Dume aondolewe kabla ya majike kujifungua. Watoto waachishwe 13 Agosti na watenganishwe kijinsia si zaidi ya 27 Agosti.